Pareto kando ya nyumba: ua lenye dawa

Somo ya leo ni juu ya pareto. Ni ua jeupe, katikati njano, mtu anaweza kufikiri ni la kupamba kiwanja tu. Lakini ndani ya kile kichwa cha njano mna dawa ya kuua vidudu, na mmea ukipandwa mara moja unazaa miaka 3 ao 4.

Pareto inapenda baridi. Bila usiku wa baridi inatoa majani mingi na maua kidogo, kwa hiyo haifai kule chini kando ya Ziwa Albert. Huku Kpandroma milima inatusaidia. Adui yake ni maji yenye kusimama, mizizi inaoza. Panda juu ya tuta.

Usihangaike na mbegu. Mvua ikianza, ng'oa shina la zamani lenye afya, ligawe vipande vyenye mizizi, kisha panda kila sentimetre 30, mstari kwa mstari sentimetre 60. Kisha miezi 3 ao 4 unaanza kuchuma.

Hapo kwa kuchuma ndipo wengi wanapoteza. Ua likiwa bado limefunga, dawa ni kidogo. Ngoja majani meupe yalale sawa na vile viua vidogo vya katikati vianze kufunguka toka pembeni. Chuma kichwa bila kijiti, rudia kila majuma mawili. Usiyafunge mu mfuko mabichi, yatapata moto na kuoza. Yatandaze juu ya mkeka siku ile ile. Kilo 4 ao 5 mbichi zinatoa kilo 1 kavu. Weka pa giza, kwani mwangaza unaua dawa.

Zamani Kenya ilikuwa ya kwanza duniani kwa pareto. Bodi ya serikali ilipochelewesha malipo, wakulima wengi waliing'oa. Kwa hiyo anza na mistari miwili kando ya nyumba. Usiondoe maharagi mpaka koperative iwe na mnunuzi na karatasi iliyosainiwa.

Kwa sasa itumie mwenyewe. Saga maua makavu (funika pua, yanawasha), loweka unga mu maji na sabuni kidogo masaa machache kivulini, chuja, nyunyiza kwa mashu yenye vidudu. Fanya magaribi: jua halitavunja dawa, na nyuki wamekwisha kurudi kwao. Pompe usiioshe mtoni, itaua samaki.