Usihukumu Nawe Umeghadhibika
Somo juu ya akili na hisia katika maamuzi ya mtu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni zake Mola wa viumbe vyote, na sala na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake na Masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baada ya hayo:

Ndugu Muislamu, fahamu ya kuwa Mwenyezi Mungu amemtukuza mwanaadamu kwa akili, akaifanya kuwa sharti ya kukalifishwa; ndiyo maana mtoto mdogo na mwendawazimu hawaandikiwi dhambi. Na Yeye huyo huyo ndiye aliyetia ndani ya moyo mapenzi na huruma, huzuni na ghadhabu. Vyote viwili vimetoka kwake. Basi mtu anapotaka kukata shauri, kipi kisikilizwe? Jawabu ni kuwa vyote visikilizwe, lakini kila kimoja mahali pake: hisia ni shahidi, akili ni kadhi, na sharia ya Mwenyezi Mungu ndiyo anayoihukumia kadhi huyo.

Hisia peke yake si dhambi

Alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), mwaka wa 10 Hijria, Mtume alitokwa na machozi. Abdurrahman bin Auf (r.a.) alipostaajabu, Mtume alimfahamisha kuwa hiyo ni rehema, na kwamba pamoja na huzuni hatosema ila linalomridhi Mola wake. Siku hiyo hiyo jua lilipatwa, na watu wakadai limepatwa kwa ajili ya kifo hicho. Mtume aliwakataza itikadi hiyo, akawaeleza kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Zingatia: jicho lililia, ulimi haukupotoka, na akili haikukubali neno lisilo la kweli, hata likiwa ni la kumtukuza mwanawe. Hiyo ndiyo mizani.

Kila mtu ni kadhi nyumbani kwake

Imepokewa katika hadithi sahihi kuwa Mtume (s.a.w.) amemkataza kadhi kuhukumu baina ya watu wawili naye ameghadhibika. Wanavyuoni wakaipima juu ya ghadhabu kila hali inayoshughulisha moyo: njaa kali, usingizi, huzuni nzito, hata furaha iliyopita kiasi. Ikiwa kadhi, ambaye hana chake katika kesi, amezuiliwa, itakuwaje kwa mtu anayehukumu ndani ya nyumba yake, naye ndiye mdai, ndiye shahidi, na ndiye hakimu?

Katika miaka yangu ya ukadhi alinijia mtu aliyekuwa akifanya kazi huku Ghuba, na mkewe na watoto wako kwao Afrika Mashariki. Nduguye alimpigia simu akamwambia kuwa fedha za kujengea nyumba zimetumiwa na mkewe. Hakuuliza. Alimpigia mkewe saa ile ile na akamtamkia talaka, nayo ilikuwa ya tatu. Baada ya siku mbili akapata habari kuwa fedha zile zililipiwa matibabu ya mama yake mwenyewe, na mama ndiye aliyemwomba mkwewe asimtie mwanawe wasiwasi. Nilimwuliza: "Ulijua unalolisema?" Akasema: "Nilijua, Sheikh, na nililikusudia." Sikuwa na mlango wa kumfungulia, kwani baada ya talaka ya tatu mke si halali kwa mumewe mpaka aolewe na mume mwengine kwa ndoa ya kweli, kisha waachane naye au afe, na eda ipite. Alilia mbele yangu, nami nilimhurumia. Lakini huruma yangu haikuweza kubadilisha hukumu.

Mtu huyu alikosa mambo mawili. Alihukumu akiwa na ghadhabu, na alimsikiliza mmoja bila ya mwenziwe, ilhali Mtume (s.a.w.) alipompeleka Ali (r.a.) Yemen alimuusia asimkatie wa kwanza hukumu mpaka amsikie wa pili.

Akili isiyo na huruma nayo hupotea

Wapo pia wanaopima kila jambo kwa hesabu tu. Baba humwoza binti yake kwa kuutazama mshahara wa mposaji, na moyo wa binti hauulizwi. Hii siyo hekima. Mughira bin Shuuba (r.a.) alipoposa, Mtume alimwamrisha amtazame mchumba wake, kwa kuwa hilo ni karibu zaidi na kudumisha mapenzi baina yao. Na Barira (r.a.) alipoachwa huru akachagua kutengana na mumewe Mughith, Mtume alimwombea mume, Barira akauliza kama hiyo ni amri, akajibiwa kuwa ni uombezi tu, naye akakataa, wala hakulazimishwa. Moyo una haki ya kusikilizwa.

Njia ya kufuata

Kwanza: ukighadhibika, nyamaza. Ukiwa umesimama, kaa. Na isipoondoka, jilaze, kama alivyofundisha Mtume. Na simu iweke mbali, kwani neno lililokwisha kutumwa halirudi.

Pili: hakikisha habari, na umsikie anayetuhumiwa.

Tatu: taka ushauri kwa mcha Mungu asiyekuogopa na asiyekupendelea. Mwenyezi Mungu amemwamrisha Mtume wake kushauriana (Aali Imran, 159), naye ni mbora wetu. Na mke na mume wakigombana, sharia imeweka waamuzi wawili, mmoja katika kila upande (An-Nisaa, 35).

Nne: sali rakaa mbili za istikhara. Istikhara haiondoi wajibu wa kufikiri. Ni kumkabidhi Mola matokeo ya fikra yako.

Tano: jipe muda. Katika Suratut-Talaq, aya ya 1, mke aliye katika eda hatolewi nyumbani, na aya ikamalizikia kwa kutukumbusha kuwa hatujui Mwenyezi Mungu ataleta nini baadaye. Muda huo ni rehema kwa mioyo iliyokuwa moto, usiupoteze.

Ewe Mola, tupe akili inayokujua na mioyo inayokunyenyekea, na uzihifadhi nyumba zetu ugenini na makwetu. Amin.