Uwanjani aende, ukumbini asiingie

Mama mmoja wa Unguja ameniletea kesi ya nyumbani kwake. Binti yake ametimiza miaka 13, na Idd hii anataka kwenda Mnazi Mmoja na wenzake watatu, peke yao, kama wakubwa. Bibi anasema mwacheni mtoto ale sikukuu. Baba kasema hapana, na akishasema hapana huwasha redio. Mama yuko katikati, gauni limeshashonwa, na ananiuliza: "Dada, nimruhusu au nimzuie?"

Mruhusu. Ila usikimbilie kumwambia, kaa kwanza tuzungumze, maana ruhusa ninayoisema mimi siyo ile anayoiomba yeye.

Kwa nyinyi mliokulia mbali na visiwani: Idd ya Zanzibar haimalizwi kwa siku moja. Inaliwa siku nne, na jioni zote hizo mji mzima hutoka nje. Watoto wakishakusanya mkono wa Idd kwa wajomba na mashangazi, safari ni moja tu, viwanja vya sikukuu: Mnazi Mmoja, au uwanja wa kufurahishia watoto pale Kariakoo, na kwa Pemba, Tibirinzi. Mombasa wana Makadara yao. Huko kuna bembea, maputo, aiskrimu, urojo, mishikaki, miwani ya plastiki inayovunjika kabla hujafika nyumbani, na zaidi ya yote kuna wenzao wote wa darasani wakiwa wamevaa vipya. Mtoto wa mjini akikosa viwanja, kwake yeye Idd imempita.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema dawa ni kumfungia ndani. Ukimkataza kavu, ama atanuna siku nne na kuwaharibia sikukuu wote, ama atakuaga kuwa anakwenda Kikwajuni kumpa shoga yake mkono wa Idd. Na kutoka Kikwajuni mpaka Mnazi Mmoja ni pua na mdomo. Hilo la pili ndilo linalonitisha. Mtoto aliyetoroka akipotea, akiibiwa simu au akishikwashikwa, hapigi simu nyumbani, kwa sababu anajua kesi zitakuwa mbili.

Sasa tuje kwenye hofu yenyewe. Akina mama wengi wakiniambia wanaogopa umati, nikiwachimba kidogo nakuta wanaogopa wavulana. Sawa, wavulana wapo, nitawafikia. Lakini umati kama umati una hatari yake, na hiyo majumbani hatuizungumzi kabisa.

Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idd el-Fitr, watoto 20 walikufa Tabora katika ukumbi wa disko uliofurika watoto wenzao. Walikuwa wamekwenda kula sikukuu, kama huyu wetu anavyotaka. Sikukuu zikikaribia huwa mnasikia polisi wa mikoa wakipiga marufuku disko toto, na mimi huwa nasikia wazazi wakilalamika kwamba watoto wananyimwa raha. Mzazi wa namna hiyo sibishani naye. Namkumbusha Tabora, basi.

Wala si lazima uwe ukumbini. Usiku wa tarehe 29 Oktoba 2022, mjini Seoul, Korea Kusini, vijana walijaa mtaa wa Itaewon kusherehekea Halloween. Walibanana kwenye kichochoro chenye mteremko, upana wake kiasi cha mita tatu hivi, na watu 159 wakapoteza maisha. Aliyezoea kupita Mji Mkongwe akisikia mita tatu anashtuka, maana vichochoro vyetu vingi hata huko havifiki.

Wengi tunadhani kwenye umati mtu hufa kwa kukanyagwa. Wapo wanaokanyagwa, lakini wengi hufa wakiwa wima. Wakisimama watu wanne kwenye mita moja ya mraba, bado unapita huku ukiomba radhi. Wakifika sita na kuendelea, mwili si wako tena: anasukumwa mtu huko nyuma usikomuona, na wewe wa mbele unasogea bila kupiga hatua. Kifua kinabanwa, mbavu zinashindwa kupanuka, pumzi inakosa pa kuingia. Mfupi ndiye anayeumia mapema, kwa sababu uso wake uko usawa wa migongo ya watu. Na binti wa miaka 13, hata ajione mkubwa namna gani, bado ni mfupi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza "ana umri gani?", kwangu hilo ni swali la pili. La kwanza ni: anakwenda mahali gani, na pa kutokea ni pangapi? Uwanja wa wazi una pembeni. Watu wakizidi, unajitoa na kusimama kando mpaka papungue. Ukumbi wenye mlango mmoja, giza, tiketi, na mwenyewe anayepata faida kwa kila kichwa anachoongeza ndani, huo hapana. Hata akifikisha miaka 16. Hata akienda na kaka yake. Hata wenzake wote wakiwa wameruhusiwa, jambo ambalo si kweli, na nyote mnajua si kweli.

Baada ya mahali, saa. Aende saa kumi alasiri, na adhana ya Magharibi imkute anaelekea nyumbani. Mchana wa alasiri uwanja ni wa familia, unawaona akina mama na vikapu vyao na watoto wachanga mabegani. Baada ya Isha wenye watoto wadogo wameshaondoka, na wanaobaki hawakuja kwa ajili ya bembea. Najua atasema utamu wote uko usiku. Ni kweli, uko usiku. Utamsubiri.

Na njiani je? Kwa maoni yangu hatari kubwa kuliko zote siku ya Idd haiko uwanjani, iko barabarani. Kuna vijana wameazima pikipiki kwa siku hiyo moja, wanataka kuonekana, na barabara zimejaa watoto wanaovuka huku wakiangalia aiskrimu zao. Mabinti wanne mshikaki kwenye bodaboda moja, wakishikilia magauni yao yasiingie kwenye gurudumu, ni jambo ninaloliona kila sikukuu na kila sikukuu moyo unanidunda. Mpe nauli ya daladala, kamili, mkononi, ya kwenda na kurudi, na umwambie hiyo si ya mishikaki.

Ruhusa ya peke yao simpi. Ila mama, usifanye kosa la kumkabidhi kwa kaka wa miaka 17. Huyo atamwacha kwenye benchi la kwanza atakapowaona rafiki zake, akirudi hajui alimwacha benchi lipi. Mtafute shangazi, mama mdogo au binamu wa kike aliyekwisha kuwa mtu mzima, awe na wasichana wote wanne. Asiwaandame kama askari kanzu. Akae pembeni na bakuli lake la urojo, wao wazunguke, na kila baada ya nusu saa waje waonyeshe nyuso. Binti atalalamika mwanzoni, lakini pesa zikimwishia atafurahi kuwa shangazi yuko karibu.

Mkubaliane mahali pa kukutana kabla hamjaachana, na pawe kitu kisichotembea. Nawasikia watoto wakiambizana "tukutane kwenye gari la aiskrimu," na gari la aiskrimu lina magurudumu. Kwa Mnazi Mmoja, chagueni jengo la Beit el-Amani, lile la makumbusho lenye kuba jeupe, linaonekana kwa mbali na kila mtu mzima atamwelekeza. Namba yako ya simu iandike kwenye karatasi, aiweke mfukoni mbali na simu. Simu huibiwa, simu huzima, na watoto siku hizi hawajui namba ya mama yao kwa kichwa.

Kuhusu mavazi nitasema kwa ufupi kwa sababu najua vita vyake. Viatu vya kuchuchumia vibaki nyumbani. Viatu vipya vya sikukuu vivaliwe ndani siku mbili kabla, visimkate. Gauni linaloburuza lipandishwe pindo, kwa kuwa likikanyagwa na mtu wa nyuma ndilo linalomwangusha. Mtandio ubanwe vizuri.

Wewe mdogo wangu unayeisoma kona hii kabla ya mama yako, sogea. Ukiingia mahali popote penye watu wengi, kabla hujaangalia nani kavaa nini, angalia pa kutokea. Ukianza kuguswa na watu mabega yote mawili kwa pamoja, ondoka, hata kama hakuna kilichotokea; huo ndio wakati wa kuondoka, ungali unaweza. Ikiwa umechelewa na umebanwa, kunja mikono mbele ya kifua, ngumi karibu na kidevu, uache nafasi ya kupumua. Umati una mkondo kama wa baharini, na wewe mtoto wa pwani unajua ukichukuliwa na mkondo hushindani nao uso kwa uso, unaukata kwa upande. Subiri msukumo utulie, kisha jivute mshazari kuelekea pembeni, hatua mbili mbili. Kikianguka kiatu, kiache. Ikianguka simu, iache pia, na mimi nitazungumza na mama. Usiiname.

Jambo la pili, mikono ya watu. Katika msongamano wapo wanaojifanya wamesukumwa. Ukiguswa pasipofaa hujakosea wewe, wala si gauni lako. Usinyamaze kwa aibu, maana aibu yako ndiyo wanayoitegemea. Sema kwa sauti ya kusikika, "Toa mkono wako!" kisha nenda moja kwa moja kwa mama yeyote aliyekaa na watoto wake, au kwa askari mwenye sare. Halafu nyumbani useme. Namba ya kumsaidia mtoto ni 116, haina malipo, Tanzania na Kenya.

Na mama zao wavulana, mbona mmenyamaza? Kila Idd tunawafundisha mabinti jinsi ya kukimbia mikono, hatukai na vijana wetu kuwaambia wairudishe mikono yao mfukoni. Kijana wa miaka 14 anayekwenda Mnazi Mmoja na wenzake naye anahitaji mahali pa kukutana, naye anaweza kubanwa, naye huguswa na watu wabaya akaona haya kusema. Mnawaachia mpaka saa nne za usiku kwa sababu "huyo ni mwanamume". Mwanamume wa miaka 14!

Dada yangu wa Unguja, ukishamwambia masharti haya, mwache ayaseme kwa mdomo wake mwenyewe: saa ya kuondoka, mahali pa kukutana, nani wa kumfuata. Akiweza kuyasema bila kukunja uso, yuko tayari. Akibisha kila sharti, mwaka huu aende na wewe, mkono kwa mkono. Na akirudi kwa wakati sikukuu mosi, sikukuu pili mpe nyongeza kidogo. Usimpe pesa, mpe nusu saa. Akichelewa bila sababu, sikukuu pili anakaa nyumbani kuosha vyombo vya wageni, na usilainike kwa machozi.

Umeniuliza pia utamwambia nini baba yake. Usimwambie usiku wa kuamkia Idd, mbele ya bibi, watoto wakisikiliza mlangoni. Hapo hata akitaka kubadili neno atashindwa. Mwambie leo, mkiwa wawili. Mwulize anaogopa nini hasa, umsikilize mpaka mwisho, kwa sababu huenda yeye alishaona mambo viwanjani enzi zake ambayo hajawahi kukusimulia. Kisha mwombe awe yeye wa kuwapeleka saa kumi na kuwafuata kabla ya Magharibi. Baba asiyetaka mtoto aende peke yake ana haki yake, lakini haki hiyo ina kazi ndani yake.

Nanyi kina baba wengine mnaosomewa hii kwa sauti: siku nne za Idd baraza zenu zinaweza kuwakosa alasiri moja. Kawapelekeni watoto uwanjani.