Amefungiwa Mechi 80: Namna ya Kusoma Habari za Dawa Katika Besiboli

Taarifa yenyewe huwa fupi. Ofisi ya kamishna wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani inataja jina la mchezaji, klabu yake, mechi alizofungiwa bila malipo, na dawa iliyokutwa mwilini mwake. Saa chache baadaye mchezaji naye anatoa yake: anawaomba radhi mashabiki, anasema hakujua, pengine anataja kirutubisho fulani au mafuta ya kupaka. Anayefuatilia mchezo huu kutoka Kampala, au kwa sababu mtoto wake anaucheza shuleni huko Ohio, anabaki na maswali. Mechi 80 ni nyingi au chache? Hiyo dawa ni ya nini hasa? Na huyu mchezaji tumwamini?

Tuanze na hesabu. Timu moja hucheza mechi 162 katika msimu wa kawaida, karibu kila siku, tangu mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba. Mechi 80 ni karibu nusu ya msimu. Hiyo ndiyo adhabu ya kosa la kwanza tangu 2014. Kosa la pili ni mechi 162, la tatu ni kufungiwa maisha, na aliyeadhibiwa haruhusiwi kucheza mechi za mtoano za mwaka huo hata kama adhabu yake imekwisha. Mkimbiaji wa Kenya anayekutwa na dawa hizohizo kwa kawaida huanzia miaka 4.

Tofauti hiyo haitokani na uzito wa kosa. Mkimbiaji yuko chini ya kanuni za dunia zinazosimamiwa na WADA, shirika la kimataifa la kupambana na dawa michezoni, na, nyumbani Kenya, na wakala wa kazi hiyo, ADAK. Mchezaji wa besiboli wa ligi kuu yuko chini ya mkataba wa kazi. Adhabu yake, vipimo vyake, hata orodha ya dawa alizokatazwa, vyote vimejadiliwa mezani baina ya wenye klabu na chama cha wachezaji, kama inavyojadiliwa mishahara na pensheni. Mkataba wa kazi ulipoisha Desemba 2021 na wenye klabu wakawafungia wachezaji milango, upimaji wa dawa nao ulisimama hadi mkataba mpya uliposainiwa Machi 2022. Kwa miezi zaidi ya mitatu hakuna mchezaji wa ligi kuu aliyeombwa mkojo. Mkataba huo mpya ulipangiwa kuisha tarehe 1 Desemba 2026.

Ukilielewa hilo, historia yote inasomeka. Mwaka 1991 kamishna Fay Vincent aliziandikia klabu waraka wa kukataza steroidi, lakini hakukuwa na kipimo hata kimoja, kwa kuwa chama cha wachezaji kilikuwa hakijakubali. Wenye klabu nao, tuseme ukweli, hawakuwa na haraka. Mgomo wa wachezaji wa 1994 ulifuta hata fainali za World Series na mashabiki wakasusa. Waliowarudisha viwanjani ni wapiga mipira wenye misuli minene. Mwaka 1998 Mark McGwire alivusha mipira 70 nje ya uzio na Sammy Sosa 66, wote wakiivunja rekodi ya 61 iliyowekwa na Roger Maris mwaka 1961. Katikati ya shangwe hizo mwandishi wa shirika la habari la AP aliona chupa ya androstenedioni kwenye kabati la McGwire. Dawa hiyo iliuzwa madukani kihalali wakati huo, na ligi haikuwa imeikataza. Lawama nyingi zilimwangukia mwandishi.

Mwaka 2002 Ken Caminiti, aliyekuwa mchezaji bora wa ligi yake mwaka 1996, alikiri hadharani kwamba tuzo ile aliipata akitumia steroidi. Mwaka uliofuata wachezaji walipimwa bila kutajwa majina, kwa sharti kwamba wakipatikana zaidi ya asilimia 5, upimaji wenye adhabu utaanza. Walizidi. Hata hivyo mwaka 2005 kosa la kwanza bado lilikuwa siku 10 tu, hadi Bunge la Marekani lilipowaita wachezaji mbele ya kamera mwezi Machi mwaka huo. Siku hiyohiyo walitoa ushahidi wazazi wa vijana waliokufa baada ya kutumia steroidi, na nadhani wao ndio waliobadilisha mambo kuliko mastaa waliokwepa maswali. Msimu wa 2006 ulianza na adhabu ya mechi 50.

Sasa jina la dawa. Mashabiki wengi hulipita haraka, ilhali ndilo neno lenye maana kuliko yote katika taarifa.

Stanozololi ni steroidi ya kujenga misuli, homoni ya kiume ya kutengenezwa. Ndiyo iliyomnyang'anya Ben Johnson dhahabu ya mita 100 Seoul mwaka 1988, ikamwangusha mchezaji wa besiboli Rafael Palmeiro mwaka 2005, miezi michache baada ya kuwanyooshea wabunge kidole akiapa kwamba hajawahi kutumia. Ni dawa ya zamani, maabara zinaijua vizuri, na haiingii mwilini kwa bahati mbaya kirahisi. Mchezaji akikutwa nayo, kisingizio chake kinahitaji ushahidi mzito. Watu huuliza steroidi inamsaidia nini mpigaji, maana haimpi jicho la kuuona mpira unaokuja kwa kilomita 150 kwa saa. Ni kweli haimpi. Inachompa ni fimbo inayozunguka kwa kasi zaidi kidogo, na mpira ambao ungedakwa karibu na uzio unavuka. Zaidi ya hapo inampa mwili unaopona upesi, jambo kubwa kwa mtu anayecheza karibu kila siku kwa miezi sita. Ndiyo maana warushaji nao, ambao hawahitaji kifua kipana, wamekamatwa kwa wingi.

Klosteboli ni kesi ngumu zaidi. Nayo ni steroidi, lakini katika baadhi ya nchi huuzwa ndani ya krimu ya vidonda. Fernando Tatís Jr. wa San Diego alifungiwa mechi 80 Agosti 2022 kwa ajili yake. Alisema ilitokana na dawa aliyotumia kutibu mashilingi ya ngozi, akakubali adhabu. Mcheza tenisi Jannik Sinner alikutwa na dawa hiyohiyo mwaka 2024, akaeleza kwamba iliingia kupitia mikono ya mtu aliyemkanda misuli, na mwisho wake akakaa nje miezi mitatu. Dawa moja, michezo miwili, kanuni mbili.

Furosemidi wazee wetu wengi wanaijua, maana ni dawa ya kupunguza maji mwilini kwa wenye shinikizo la damu na miguu inayovimba. Haijengi msuli wowote. Mwanamichezo huitumia ili akojoe sana na mkojo uwe mwepesi, dawa nyingine isionekane. Robinson Canó alifungiwa mechi 80 kwa ajili yake mwaka 2018. Aliyewaza kwamba pengine alionewa alipata jibu Novemba 2020, Canó alipokutwa na stanozololi na kuukosa msimu wote wa 2021.

Ukiona hCG, homoni ya ujauzito, usicheke. Anayetumia steroidi kwa muda mrefu, korodani zake huacha kazi, na homoni hiyo huziamsha. Manny Ramírez alifungiwa mechi 50 mwaka 2009 kwa kesi iliyohusu dawa hiyo. Amfetamini ni jambo jingine tena: ni za kufukuza uchovu, zilikuwa zikipatikana vyumbani mwa timu kwa miongo mingi, na zilianza kupimwa 2006 tu. Adhabu yake ni nyepesi, na mchezaji mwenye tatizo la umakini lililothibitishwa na daktari anaweza kupewa kibali cha matibabu. Chris Davis wa Baltimore alifungiwa mechi 25 mwaka 2014 kwa dawa ya aina hiyo, ingawa aliwahi kuwa na kibali hapo nyuma.

Na hapa niwaonye wasomaji wa kwetu. Neno steroidi linabeba mizigo miwili tofauti. Prednisoloni anayopewa mgonjwa wa pumu, kortizoni anayochomwa mchezaji begani akiwa na maumivu, na deksamethasoni wanayonunua watu kwenye maduka ya dawa ili wanenepe, zote ni steroidi, ila si za kujenga misuli. Zikitumika sana huila hata ile misuli iliyopo. Sindano ya kortizoni katika besiboli ni halali na ya kawaida. Ukisoma kwamba mrushaji amechomwa hiyo, hakuna kashfa. Deksamethasoni ya kunenepesha ina madhara makubwa, lakini hiyo ni makala nyingine.

Upimaji unafanyika hivi. Mchezaji hukojoa mbele ya macho ya mkusanyaji, mkojo unagawanywa katika chupa A na chupa B, zinafungwa na kupelekwa maabara. Damu huchukuliwa kutafuta homoni ya ukuaji. Kwa testosteroni, ambayo kila mwili unayo, maabara hupima kaboni: testosteroni ya kiwandani hutengenezwa kutokana na mimea kama soya, na mchanganyiko wa kaboni yake haufanani na ule wa testosteroni inayotengenezwa na mwili.

Utaratibu wa chupa unaweza kuamua kesi nzima. Ryan Braun wa Milwaukee, mchezaji bora wa ligi yake mwaka 2011, alishinda rufaa yake Februari 2012 kwa sababu mkusanyaji alikaa na sampuli nyumbani kwake mwishoni mwa juma badala ya kuituma mara moja. Braun alijisifu kwamba ukweli umeshinda. Julai 2013 alifungiwa mechi 65, safari hii bila chupa yoyote: jina lake lilikuwa kwenye nyaraka za Biogenesis, kliniki ya Florida iliyojidai kutibu uzee huku ikiwauzia wachezaji dawa. Kliniki hiyo ndiyo iliyomtoa Alex Rodriguez nje kwa msimu wote wa 2014. Walioangushwa na karatasi zile wengi wao walikuwa wamepita vipimo bila shida. Kwa hiyo "hajawahi kukutwa" ni sentensi ya kuipokea kwa tahadhari.

Fedha je? Mchezaji hapokei mshahara wa siku alizofungiwa. Canó alipoteza mamilioni ya dola mara zote mbili. Lakini mkataba wake na klabu hauvunjiki. Jhonny Peralta alifungiwa mechi 50 mwaka 2013 katika kesi ya Biogenesis, na kabla mwaka haujaisha St. Louis walimpa mkataba wa dola milioni 53. Kijana masikini wa Jamhuri ya Dominika, anayesaini akiwa na miaka 16 na kumgawia wakala wake sehemu ya fedha, anauona mfano huo vizuri sana. Vijana wa Uganda sasa wanaingia kwenye soko hilohilo: klabu za Dodgers na Pirates zimekwisha kusaini baadhi yao.

Mzazi au kocha wa kijana kama huyo ana machache ya kufanya, na yote yanafanyika mapema. Kijana apate orodha ya dawa zilizokatazwa na ligi au shirikisho lake mwenyewe, si ya ligi nyingine. Kila anapoenda hospitali aseme kwamba anapimwa, na kibali cha matibabu kiombwe kabla ya kumeza dawa. Poda na vidonge vya jimu ndiyo mlango mkubwa wa matatizo, kwa kuwa kilichoandikwa kwenye kopo si lazima kiwe ndicho kilichomo. Klabu za ligi kuu zenyewe hazipaswi kuwapa wachezaji kirutubisho kisicho na alama ya ukaguzi ya NSF Certified for Sport. Hata hiyo haikingi kila kitu, ila inapunguza hatari, na sampuli ya kopo pamoja na risiti vihifadhiwe. Ugali, maharage, mayai na usingizi havijawahi kumfungia mtu.

Dalili za steroidi kwa kijana: uzito unaopanda ghafla ndani ya wiki chache, chunusi nzito mgongoni na mabegani, matiti yanayovimba kwa mvulana, sauti inayokuwa nzito kwa msichana (na hii hairudi), hasira zisizo na sababu, sindano zilizofichwa. Kwa aliye bado anakua, mifupa inaweza kufunga kabla ya wakati na urefu ukaishia hapo. Moyo na ini huumia kimyakimya. Sindano za kuchangia zinaleta UKIMWI na homa ya ini.

Ukigundua mtoto anatumia, usimnyang'anye dawa kwa hasira na kuliacha jambo hapo. Mwili uliozoea homoni ya kuchomwa huwa umeacha kutengeneza ya kwake, na kuirudisha kunaweza kuchukua miezi. Katika kipindi hicho huzuni nzito huingia, na wapo vijana waliojiua. Asiachwe peke yake, apelekwe kwa daktari siku hizohizo. Mpelekee daktari chupa yenyewe, hata kama lebo imebanduliwa, umwambie ametumia kiasi gani na kwa muda gani.