Vidonda vya Matumbo Visivyo vya Kawaida

Mtu akiumwa na tumbo siku nyingi, jirani zake husema mara moja, "Ana vidonda vya tumbo." Mara nyingi husema kweli, lakini si mara zote. Yafaa wasomaji wetu wajue kuwa viko vidonda vingine, visivyoonekana sana, ambavyo dawa ya vile vya kawaida haivifai kitu.

Kidonda cha kawaida hukaa katika tumbo la chakula au mwanzo wa utumbo mwembamba, na maumivu yake huwa penye chembe cha moyo. Sababu yake kubwa ni kijidudu kiitwacho Helikobakta pailori, kilichotambuliwa Australia mwaka 1982 na Barry Marshall na Robin Warren. Sababu ya pili ni vidonge vya kutuliza maumivu, kama aspirini, vikimezwa muda mrefu.

Sasa tumfikirie mchukuzi wa mizigo pale Tunduma, penye foleni ya malori mpakani. Tumbo lamwuma chini, upande wa kuume. Kila mwezi hununua dawa ya vidonda dukani. Maumivu hupungua siku mbili, kisha hurudi. Jioni hupata homa, usiku hutoka jasho, mara huhara, mara hufunga choo. Mkanda wake umekwisha kutobolewa tundu la tatu kwa kukonda. Mtu huyu huenda ana kifua kikuu cha matumbo.

Msistaajabu, maana kijidudu cha kifua kikuu, alichokitangaza Robert Koch wa Ujerumani mwaka 1882, hakikai mapafuni tu. Mgonjwa wa kifua akimeza makohozi yake, au mtu akinywa maziwa mabichi ya ng'ombe mgonjwa, kijidudu huweza kufika matumboni. Hupenda hasa pale utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana, kikafanya vidonda.

Tabibu huutambuaje ugonjwa huu? Kwanza humwuliza mgonjwa habari zake zote, kwa hiyo asifiche neno. Hupima makohozi na damu, na kupiga picha ya kifua. Lakini picha ikiwa safi, bado matumbo huweza kuwa na ugonjwa. Katika hospitali kubwa huingizwa mpira mwembamba wenye taa kwa njia ya haja kubwa, vidonda vikatazamwa, na kipande kidogo cha nyama kikakatwa ili kipimwe. Kutazama kwa macho hakutoshi, kwa sababu uko ugonjwa mwingine, ulioelezwa New York mwaka 1932 na Dk. Burrill Crohn na wenzake, ambao vidonda vyake hufanana sana na hivyo. Dawa nyingi za ugonjwa huo hupunguza kinga ya mwili. Akipewa mwenye kifua kikuu, ni kama kumfungulia mwizi mlango.

Kifua kikuu cha matumbo hupona. Kwa kawaida dawa humezwa miezi sita: miwili ya kwanza dawa nne, na minne iliyobaki dawa mbili. Serikali huzitoa bila malipo. Mkojo ukigeuka rangi ya chungwa, asiogope, ni rangi ya dawa tu. Lakini akiacha kwa kuwa amepata nafuu mwezi wa pili, ugonjwa huweza kurudi ukiwa sugu.

Kidonda kingine ni cha homa ya matumbo. Homa hiyo isipotibiwa, yapata juma la tatu kidonda huweza kutoboa utumbo. Hapo maumivu huja kwa ghafula, na tumbo huwa gumu kama ubao. Mgonjwa huyu asipewe chakula, wala kinywaji, wala dawa ya kienyeji. Apelekwe hospitali saa ile ile, akapasuliwe. Kungoja mpaka kesho huweza kumwua.

Basi, ninyi wazee wa vijiji na walimu, mmwonapo mtu anakonda huku akinunua dawa ya tumbo kila mwezi, mwambieni aende akapimwe. Na nyumbani tuchemshe maziwa na maji ya kunywa, tutumie choo, tunawe mikono kwa sabuni.