Reidi ya Maunzi au Reidi ya Programu? Uteuzi wa Hifadhi ya Fasihi Simulizi kwa Mfano wa Ziwa la Ng'ombe

1.0 Utangulizi

Mtafiti anaporekodi ngano au nyimbo za vugo katika mtaa kama Ziwa la Ng'ombe, Mombasa bara, kazi yake haikomi kinasa sauti kinapozimwa. Msimulizi akishafariki, sauti iliyomo katika diski huenda ikawa ndiyo matini pekee yaliyosalia, na diski hiyo ikiharibika, matini hayo hufa mara ya pili. Makala haya yanalinganisha njia mbili za kuunganisha diski za seva ili kuikinga hasara hiyo.

2.0 Dhana ya Reidi

Dhana ya reidi ilielezwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Herufi ya tatu ya akronimu hiyo ilisimamia diski "za bei nafuu". Baadaye ikafasiriwa kuwa diski "zinazojitegemea". Wazo la msingi ni kwamba diski kadhaa hufanya kazi kama moja. Katika reidi ya 1, kila kinachoandikwa katika diski moja huandikwa pia katika nyingine. Reidi ya 5 huhitaji diski zisizopungua 3, na huhifadhi hesabu ya ulinganifu: anayejua kwamba jumla ni 7 na namba iliyobaki ni 3, hutambua kwamba iliyopotea ni 4. Wahenga walisema mafiga mawili hayainjiki chungu. Hapa, figa la tatu likivunjika, mawili yaliyosalia hukishikilia chungu hadi lipatikane jingine.

3.0 Ulinganisho

Reidi ya maunzi huendeshwa na kadi maalumu yenye kichakato chake. Kadi bora huwa na kumbukumbu ya muda inayolindwa na betri, hivyo umeme ukikatika, data ambayo haijafika diskini haipotei. Aidha, kazi ya hesabu huondolewa katika kichakato cha seva. Hata hivyo, kadi hizo ni ghali, na kila mtengenezaji ana mpangilio wake wa data. Kadi ikiungua, diski zinaweza kuwa nzima na bado zisisomeke mpaka ipatikane kadi inayooana nayo.

Reidi ya programu huendeshwa na mfumo endeshi wenyewe, kwa mfano Linux kupitia programu ya mdadm. Haihitaji kadi ya ziada, na seva ikifa, diski huweza kuhamishiwa kompyuta nyingine yenye Linux zikasomeka. Udhaifu wake hujitokeza katika reidi ya 5: umeme ukikatika katikati ya uandishi, data na hesabu yake huweza kutofautiana. Mfumo wa ZFS uliundwa kuepuka kasoro hiyo, tena hukagua usahihi wa data kila inaposomwa.

4.0 Uteuzi

Taasisi kubwa yenye mkataba wa matengenezo na kadi ya akiba inaweza kunufaika na maunzi. Kwa hifadhi ndogo ya mtaani, ambapo sauti huandikwa mara moja na kusikilizwa mara nyingi, kasi ya kadi si hoja nzito. Linalohofiwa zaidi ni kufungwa nje ya mali yako kwa kukosa ufunguo wa mtengenezaji mmoja. Kwa hivyo reidi ya 1 ya programu, yenye diski 2 na betri ya kuiwezesha seva kuzimwa kwa utaratibu, inafaa zaidi.

5.0 Hitimisho

Pamoja na hayo, reidi ya aina yoyote si nakala rudufu. Faili likifutwa kimakosa, hufutwa katika diski zote papo hapo. Mwizi au moto hauchagui diski. Nakala nyingine haina budi kuvuka Daraja la Nyali na kuhifadhiwa kisiwani, au mbali zaidi. Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayefundishwa kurekodi na kunukuu anastahili kufundishwa haya pia, kwa kuwa uhifadhi ni sehemu ya utafiti.