Jinsi ya Kukagua Zulia la Kale la Waturkmeni

Muuzaji akikwambia zulia lake ni "Bukhara", bado hajakwambia kitu. Bukhara lilikuwa soko. Waliofuma ni wanawake wa makabila ya Kiturkmeni: Tekke, Yomut, Salor, Saryk, Ersari, Chodor. Siku hizi jina hilo hupewa pia mazulia mapya ya Pakistani yanayoiga michoro yao. Kwa hiyo uliza kabila, kisha hakikisha mwenyewe.

Hatua ya 1: Ligeuze. Zulia la mkono huonyesha mchoro wake mgongoni karibu wazi kama usoni, na mafundo hayalingani kabisa. Ukikuta kitambaa kimegandishwa kwa gundi, liache. Matamvua nayo yawe ncha za nyuzi za mtande. Yakiwa yameshonewa, ni kazi ya kiwanda au ya ukarabati.

Hatua ya 2: Soma gul, yale maumbo makubwa yanayojirudia kwa safu. Hapa usiwe na haraka. Gul ya Tekke ni pembe nane zilizolainishwa, imegawanywa robo nne za rangi zinazopishana, na mistari myembamba hupita katikati yake ikiunganisha gul zote kama wavu. Yomut hupenda dyrnak, umbo la almasi lenye kulabu pembezoni, nalo hupangwa kimshazari kwa rangi. Tauk nuska, yenye vinyama vidogo ndani ya kila robo, ilifumwa na makabila kadhaa, hivyo usiitegemee peke yake.

Ndiyo maana fundo lina neno la mwisho. Kunja zulia, uachanishe manyoya. Fundo la Tekke kwa kawaida huzunguka uzi mmoja wa mtande na kupita tu nyuma ya wa pili. La Yomut mara nyingi huzizunguka zote mbili. Gul ya Tekke juu ya fundo la Yomut inataka maelezo.

Tazama pia nafasi. Gul za zamani zaidi huwa pana, zenye mviringo, na zimeachiwa uwanja wa kupumua. Baada ya Warusi kuiteka ngome ya Geok Tepe mwaka 1881, biashara ya nje ilikua, na katika mazulia mengi ya miongo iliyofuata gul zilibanwa na kusongamana. Mimi ningelipa zaidi kwa zulia lililochakaa lenye gul pana kuliko zima lililojazwa michoro.

Hatua ya 3: Pima rangi. Linganisha ncha za manyoya na shina lake. Ncha zilizopauka juu ya shina lenye rangi kali ni dalili ya rangi za kemikali, zilizoanza na ugunduzi wa William Perkin mwaka 1856 na kufika Asia ya Kati baadaye karne hiyo. Sugua kwa kitambaa cheupe chenye unyevu: wekundu usihamie. Lakini wekundu unaobadilika kidogo kutoka mstari hadi mstari si kasoro. Ni sufu iliyotiwa rangi kwa mafungu.

Hatua ya 4: Kagua nondo na viraka, hasa pembezoni.

Hatua ya 5: Ukinunua Turkmenistan kwenyewe, dai cheti cha wataalamu kabla ya kulipa. Nchi hiyo, iliyoweka gul tano kwenye bendera yake mwaka 1992, hairuhusu zulia kuvuka mpaka bila cheti hicho.