Gorogoro Yako Ina Ukubwa Gani?
Somo: Mathayo 7:1–5

Hapa Obunga tunaijua gorogoro ya omena iliyobonyezwa chini. Yesu anasema kipimo unachopimia wengine, nawe utapimiwa hicho hicho.

Jumapili moja mama anayepika chang'aa aliketi nyuma kanisani. Nikamhukumu kimoyomoyo, na wiki hiyo mimi mwenyewe nilikuwa nimemdanganya mwenye nyumba kuhusu kodi.

Yesu hasemi chang'aa ni sawa. Anasema toa boriti yako kwanza, ndipo uone vizuri kumtoa ndugu yako kibanzi. Huyo mama analipa karo na hiyo pombe. Ukitaka aache, uko tayari kumchangia mtaji akaange mgongo wazi?

Wiki hii: tubu kwanza, kisha mtembelee mmoja uliyemsema.